Nilisema Sijambo, Watu wa Bima Wakaniamini

Wiki iliyopita niliwaachia pale sakafuni kiwandani, kando ya msumeno, msimamizi wangu Curt akinipepea kwa kofia yake na mimi nikimwomba radhi kwa kusimamisha kazi. Kama hukuisoma makala hiyo, usijilaumu. Shida zangu hazina ubaguzi, ukiikosa moja utaikuta nyingine mlangoni.

Kwa kifupi basi. Mimi ni Ardis Kvale, mkata fremu katika kiwanda cha madirisha hapa Fosslund, Minnesota. Mafua ya baridi ya mwaka huu yalinishika puani, yakachoka na pua, yakahamia moyoni. Daktari Raghavan alinionyesha moyo wangu kwenye skrini. Ulikuwa unapiga kivivu, kama mtu anayekanda unga wa wenyewe. Akasema baada ya Pasaka nitawekewa kifaa chini ya ngozi ya kifua, cha kuushtua moyo siku utakapoamua kusimama. Mpaka siku hiyo nisiguse kazi.

Kiwanda kikanipa likizo ya ugonjwa. Hapo ndipo pa kushika, maana yote yatakayofuata yananing'inia hapo.

Likizo hiyo haiamuliwi na kiwanda. Inaamuliwa na kampuni ya bima. Watu wa bima wakisema naumwa, nakaa nyumbani na kazi yangu inaningoja. Wakisema nimepona, narudi kazini. Nisiporudi, nimefukuzwa. Nikifukuzwa, kadi yangu ya matibabu inakufa. Na kadi ikifa, kile kifaa cha moyo nitakuwa nakisikia kwa watu tu.

Sasa Jumanne asubuhi simu ikalia. Alikuwa Curt.

"Mama Ardis! Hongera!"

"Hongera ya nini tena?"

"Si umepona! Bima wametuarifu leo. Jumatatu zamu ya asubuhi, msumeno wako ule ule. Na uje kweli, maana huyu tuliyemweka mahali pako anakata fremu kama anachonga mwiko."

Nikashika ukingo wa meza. Moyo wangu, ambao hauwezi kupanda ngazi, ulipata nguvu za kukimbia papo hapo.

"Curt, nani amesema nimepona?"

"Bima wenyewe. Kwani hujapona?"

Hapo, ndugu msomaji, mlango ulikuwa wazi. Mtu mwenye akili zake angesema, "Sijapona, Curt. Nikija huko nitakufia mkononi." Mimi nilisema hivi:

"Aa, si haba. Naendelea tu vizuri."

"Ndiyo maneno hayo! Haya, Jumatatu."

Akakata simu. Nikabaki nimeishikilia. Nilitaka kujipiga kibao, lakini hata kibao kinahitaji pumzi.

Msinicheke. Fosslund ndivyo tulivyolelewa. Baba yangu aliliwa vidole viwili na mashine ya kuvunia mahindi, akaingia jikoni akamwambia mama, "Nimejikwaruza." Huo ndio uliokuwa mfano wetu wa kulalamika. Ukiulizwa hali, unasema si haba. Ukizidiwa kabisa, unasema ingeweza kuwa mbaya zaidi. Hakuna daraja la tatu.

Nikampigia Shawna.

Shawna ni muuguzi wa ile kampuni ya bima. Yuko mji wa mbali, sijawahi kumwona, lakini kila Alhamisi alikuwa akinipigia kuniuliza naendeleaje, kwa sauti tamu, akiniita mpenzi. Nitasema kweli: nilikuwa nampenda. Siku za mgonjwa ni ndefu, na mtu anayekupigia kukuuliza umelalaje huwezi kumdhania adui.

"Ardis, mpenzi! Nilijua utapiga. Nimekufurahia mno."

"Shawna, nadhani kuna makosa kidogo. Jumatatu siwezi kurudi."

"Kwa nini, mpenzi?"

"Kwa sababu ya... ya huu moyo."

"Lakini umepata nafuu nzuri sana! Ngoja nikusomee. Mazungumzo yetu yote yamerekodiwa, si nilikwambia?"

Aliniambia. Kila Alhamisi alianza na hilo, mbiombio, kama watoto wanavyosali sala ya chakula wakiwa na njaa. Nani angelisikiliza?

Akanisomea maneno yangu mwenyewe.

"'Habari za leo, Ardis?' 'Si haba.' 'Unalala vizuri?' 'Nalala.' 'Pumzi je?' 'Ipo.' 'Kazi za nyumbani unaziweza?' 'Kidogo kidogo. Jana nilitoka kuzoa theluji.'"

"Ilikuwa ngazi moja tu, Shawna."

"Hilo hukulisema, mpenzi."

Sikulisema. Wala sikusema kwamba nilishika ufagio, nikafagia ngazi hiyo moja, nikakaa chini kwenye theluji nikashindwa kuinuka. Duane, mume wangu, alirudi kutoka kazini akanikuta midomo imekuwa ya buluu. Akanibeba ndani, akanivua viatu, akanifunika mablanketi. Alhamisi ilipofika, yote hayo kinywani mwangu yakawa "nilitoka kuzoa theluji".

"Halafu hii hapa," Shawna akaendelea, na kwa kweli alikuwa anafurahi kwa ajili yangu. "'Nilioka keki za msiba wa mzee Lofthus, sinia mbili.' Ardis, sinia mbili! Mimi mzima sijaoka hata moja tangu mwaka jana."

Keki zile nilizikoroga nimekaa. Nakoroga, napumzika, nakoroga, nalala. Duane ndiye aliyezitia kwenye oveni na Duane ndiye aliyezitoa. Kazi ya asubuhi moja ilinila siku mbili. Lakini msiba ni msiba, na kanisani kwetu mwanamke asiyeleta keki kwenye msiba labda awe yeye ndiye aliyekufa.

"Shawna, ukweli wenyewe ni kwamba..."

"Ndiyo, mpenzi?"

"Ukweli ni kwamba nachoka."

"Sote tunachoka. Mwili ukikaa sana unasahau kazi. Utazoea tu."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi simu imewahi kabla ya kifo.

Nadhani alisikia kitu, labda ile pumzi yangu, kwa sababu alishusha sauti. "Sikiliza. Kama hukubaliani na uamuzi, unaweza kukata rufaa. Daktari wako atuletee maelezo mapya. Na mimi nitakupigia Ijumaa mchana, nikuulize maswali yote upya. Utakayoyasema Ijumaa ndiyo yatakayoamua. Sawa?"

"Sawa. Asante sana, Shawna. Nisamehe kwa usumbufu."

Usumbufu! Mtu ananitoa roho, mimi namwomba radhi kwa usumbufu.

Duane aliporudi nikamweleza. Duane ni dereva wa greda la wilaya, lile la kusukuma theluji barabarani, na siku nzima anazungumza na injini. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hm." Akavaa tena kofia aliyokuwa ameshaivua.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwasha gari lipate joto. Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari, nataka nijue kama betri nzima."

Daktari Raghavan si mtu wa hasira. Jumatano ile alikuwa nayo. Alinibonyeza kifundo cha mguu kilichovimba kwa kidole gumba, akaondoa kidole, shimo likabaki pale pale.

"Bi. Ardis, hili lina muda gani?"

"Limekuja tu."

"Lini?"

"Limekuja kuja."

Akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti. "Nisikilize. Vipimo vyangu vinasema moyo wako ni mgonjwa sana. Bima nao wanasema, sawa, moyo ni mgonjwa, lakini mwenye moyo mbona anazoa theluji? Vipimo vyangu haviwezi kujibu hilo. Wa kujibu ni wewe. Ukisimama mbele ya msumeno Jumatatu, mimi sijui kama utaiona Jumanne. Nimesema hilo kwa upole nimeona halikuingia, sasa nalisema hivi."

Liliingia.

"Tujaribu," akasema. "Mimi ndiye Shawna. Habari yako, Bi. Ardis?"

"Si ha..."

"Aa-aa! Upya. Habari yako?"

"Daktari, wapo walio na hali mbaya kuliko mimi."

"Wapo. Wameshazikwa." Hakucheka. "Usinipe siku yako nzuri. Nipe ile mbaya kuliko zote. Habari yako?"

Nikafungua mdomo. Haikutoka. Nawaambia haikutoka! Lugha nimezaliwa nayo, maneno nayajua, lakini yalifika kooni yakageuka. Nilijiona mjinga kama mtoto aliyesahau jina lake mbele ya darasa.

Daktari akamgeukia Duane, aliyekuwa amesimama karibu na mlango akizungusha kofia mikononi. "Mzee, mkeo anaendeleaje nyumbani?"

"Anajikaza," Duane akasema.

"Sikuuliza anajikazaje."

Duane akaitazama kofia. Aliitazama mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Halafu akaanza kusema, polepole, na sikuwa nimewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu tuoane.

"Halali kitandani. Analala kwenye kiti, wima, tangu Krismasi. Akilala chali anazama. Yeye anajua mimi niko chumbani. Mimi siko chumbani. Akishasinzia natoka nalala pale chini, karibu na kiti, nisikilize kama anavuta pumzi. Ikichelewa namgusa mguu."

Nilidhani ni paka. Usiku wote ule, kitu kikinigusa mguu nikishtuka, nilidhani ni paka wetu. Na asubuhi nikimkuta Duane jikoni ameshavaa, nilidhani ameamka mapema.

Nililia, mbele ya daktari, bila kitambaa. Si kwa ajili ya moyo. Nililia kwa sababu mume wangu analala sakafuni na mimi kila Alhamisi nilikuwa namwambia mtu baki kwamba nalala vizuri.

"Hayo," Daktari Raghavan akasema. "Hayo ndiyo ya kusema Ijumaa."

Alituma maelezo yake siku hiyo hiyo. Sisi tukarudi nyumbani tukaanza mazoezi. Duane alikaa upande wa pili wa meza akawa Shawna.

"Habari yako... mpenzi?" akasema, akawa mwekundu mpaka masikioni. Katika ndoa yetu nzima hajawahi kuniita hivyo. Tulicheka mpaka nikakosa hewa, ikabidi aache kucheka anishike mgongo.

Lakini tulifanya. Siwezi kupanda ngazi. Siwezi kubeba sufuria ya maji. Nikioga nakaa. Nikitembea hadi sanduku la barua napumzika mara mbili. Mwanzoni nilikuwa nasema kama ninayesingizia mtu. Alhamisi jioni niliyasema yote bila kuinamisha macho. Tukakubaliana Duane achukue ruhusa Ijumaa, akae kando yangu, na nikikwama aseme yeye yale aliyoyasema kwa daktari.

Nililala na matumaini. Matumaini, jamani, ni kitu cha hatari kumpa mgonjwa wa moyo.

Ijumaa alfajiri theluji ikaanguka kwa matusi. Kabla ya kahawa wilaya ikapiga simu: madereva wote wa magreda kazini, hakuna ruhusa.

Duane akasimama katikati ya jikoni, buti moja mguuni, moja mkononi. "Siendi."

"Utakwenda. Barabara ikifungwa hata gari la wagonjwa halitanifikia. Nenda, mimi sijambo."

Akanitazama.

"Ndiyo," nikasema. "Najua. Nimesikia nilivyosema. Nenda tu."

Akaniwekea simu mezani, karibu na kiti changu cha kuegemea ambacho asubuhi ile alikuwa amekihamishia jikoni. Akanionyesha kitufe cha kutolea sauti nje, kwa sababu mkono wangu hauvumilii kushika simu sikioni. Akaninywesha dawa. Akaondoka, na kwa mara ya kwanza alisahau kofia.

Nikakaa nakariri. Siwezi kupanda ngazi. Siwezi kubeba sufuria.

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla sijajibu. Bev Nygaard.

Bev anakaa ng'ambo ya barabara. Tumekuwa pamoja tangu utotoni, hadi darasa la kipaimara, na ndiye kiongozi wa wanawake wanaopika misiba kanisani. Ana moyo mkubwa na sauti ya kuuzidi. Alikuja amekumbatia bakuli la viazi na nyama ya kusaga, la moto, limefunikwa taulo.

"Shoga yangu! Nikasema theluji yote hii, Ardis atakula nini? Usiinuke. Usiinuke! Kahawa naijua ilipo."

Sasa niambieni. Mtu amevuka theluji ya magotini na chakula cha moto. Nitamwambiaje atoke kwa kuwa nangoja simu? Na simu ya nini? Ya kulalamika? Bora nife. Na kufa kwenyewe kulikuwa karibu, lakini sikuliona hilo kama sababu ya kumkosea mtu adabu.

Tukanywa kahawa. Akanipa habari za nani amevunja nyonga na nani amenunua trekta. Mchana ukafika. Hatimaye akajipiga mapaja kwa viganja, akasema, "Haya basi, niache upumzike."

Fosslund hiyo si kuaga. Huo ni mwanzo wa kuaga. Alikaa ukingoni mwa kiti akasimulia jambo moja. Akasimama akasimulia la pili. Akavaa koti, akasimulia la tatu huku akifunga vifungo. Alipofika mlangoni na kushika kitasa, simu ikalia.

"Pokea, pokea," Bev akasema. "Mimi nimeshaondoka." Na hakuondoka.

Nikabonyeza kitufe.

"Bi. Ardis Kvale," sauti ya Shawna ikajaa jikoni. "Mazungumzo haya yanarekodiwa. Unakubali?"

Hakuniita mpenzi.

"Nakubali."

"Habari yako leo?"

Bev pale mlangoni alitabasamu, akaniinamishia kichwa kunitia moyo. Alikuwa anajua jibu. Fosslund nzima inajua jibu. Lilikuwa limeshafika ulimini, limekaa, tamu, jepesi. Nikafikiria sakafu, kando ya kiti changu cha usiku, na mtu mzima anayelala hapo bila godoro.

"Mbaya," nikasema. "Hali yangu ni mbaya, Shawna."

Mkono wa Bev ukaanguka kutoka kwenye kitasa.

Nikasema yote. Ngazi, sufuria, kuoga. Ile siku ya theluji, jinsi nilivyokaa chini na kushindwa kuinuka. Kiti ninacholalia. Mume wangu sakafuni. Nilisema huku nikisimama kuvuta pumzi kila baada ya maneno machache, na sikuinamisha macho, ila nilikuwa natazama taulo la bakuli ili nisimtazame Bev. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, kama nimevua koti lililolowa. Nikajiambia, kumbe ni hivi tu? Kumbe yanasemeka?

Nilisikia vidole vya Shawna vinaandika.

"Asante, Bi. Ardis. Nasikitika kusikia hayo. Sasa kuna swali ambalo lazima niulize." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma. "Wiki zote zilizopita uliniambia hujambo, unalala, unazoa theluji, unaoka. Leo unaniambia huwezi kubeba sufuria. Yote mawili hayawezi kuwa kweli. Ulinidanganya wakati ule, au unanidanganya leo?"

Sikulitegemea hilo. Tulifanya mazoezi ya kila kitu, hilo hatukulifanyia.

"Sikukudanganya."

"Wakati gani?"

"Wakati... wakati wote. Ilikuwa ni adabu tu."

"Adabu?"

"Ndiyo. Mtu akikuuliza hali."

"Sina mahali pa kuandika adabu, Bi. Ardis." Hapo nadhani alinionea huruma, maana aliacha kuandika. "Nikiandika kwamba ulitoa maelezo ya uongo, likizo inafutwa kwa sababu hiyo. Nikiandika kwamba yale yalikuwa kweli, basi umepona. Nisaidie. Je, yupo mtu mwingine anayekuona mara kwa mara, asiye wa familia yako?"

Nikafungua mdomo. Pumzi ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeitumia yote kusema ukweli, na sasa palipohitajika neno moja zaidi, sikuwa nalo.

"Yupo!"

Alikuwa Bev. Uso mwekundu, buti zinadondosha maji sakafuni. Katika yote niliyoyasema, naapa, alikuwa amelishika neno moja tu, uongo. Kwetu kuumwa si aibu kubwa, inapita. Kuitwa mwongo haipiti, watoto wako wanairithi. Akainyakua simu mezani akaenda nayo dirishani.

"Mimi ni Beverly Nygaard, nakaa ng'ambo ya barabara. Na nisikilize vizuri, binti. Unamwita nani mwongo?"

"Simwiti mtu, Bi. Nygaard. Nauliza tu."

"Basi mimi nakujibu. Huyu namjua tangu hatujui kufunga viatu. Hajasema uongo tangu abatizwe! Ardis akikwambia kitu, kimekuwa. Akikwambia hajambo, hajambo. Akikwambia amezoa theluji, amezoa!"

"Bev," nikasema. Ilitoka hewa tu.

"Ulimwona akizoa, Bi. Nygaard?"

"Kwa macho yangu haya! Nilikuwa dirishani kwangu. Ana ufagio, anafagia ngazi kama msichana. Nikamwita mume wangu, nikamwambia njoo umtazame Ardis, huyu ugonjwa haumwezi."

Kumbe aliniona nilipoanza. Hakungoja kuona nilivyomaliza.

Nikatikisa kichwa. Nikapunga mkono. Nikamwonyesha kifua changu, nikamwonyesha simu, nikakusanya viganja vyote viwili kama anayesali. Bev akaniona. Macho yake yakajaa machozi ya mapenzi, na Mungu ananisikia, sijawahi kupendwa vibaya namna ile.

"Unamwona?" akamwambia Shawna, ambaye alikuwa hamwoni mtu yeyote. "Anatikisa kichwa. Ndivyo alivyo. Hataki kusifiwa."

"Na keki za msiba?"

"Sinia mbili, na ndizo zilizoisha kwanza."

Nikaweka mikono kwenye kiti nijisukume. Hatua chache tu mpaka dirishani, hata mtoto anayetambaa angefika. Miguu haikukubali. Nikajaribu tena, na jikoni nzima ikaanza kusogea upande mmoja, meza, bakuli, kofia ya Duane, nikarudi chini kwenye kiti jasho likinitoka.

"Asante sana, Bi. Nygaard," Shawna akasema, na ule utamu ulikuwa umerudi kwenye sauti yake. "Umenisaidia mno. Kuna kingine umemwona akifanya?"

"Kingine?" Bev akavuta kiti, akaketi, akaanza kufungua vifungo vya koti. "Una muda, mpenzi?"